Kasuku hapandi mkononi: dalili, sababu na namna ya kumrudisha

Kasuku anayekataa kupanda mkononi huwa ameshatoa jibu kabla kidole hakijamfikia. Amebana manyoya mpaka anaonekana mwembamba, ameegemea nyuma, uzito wote ameuhamishia mguu wa mbali. Mfugaji asipoliona jibu hilo anasogeza mkono zaidi, na hapo ndipo mdomo unapotumika. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yalianza hivyo: ndege alikataa kwa utulivu, hakusikilizwa, akajifunza kuuma.

Tumeyapanga kwa maneno ambayo wafugaji wa Arusha na Moshi huyatumia wanapoomba msaada. Tafuta lako, lakini usiruke sehemu ya kwanza, maana ndege anayeumwa au asiyelala hafundishiki hata ukiwa na subira ya mwaka mzima.

Kwanza ondoa ugonjwa, baridi na usingizi mdogo

Kasuku huficha ugonjwa mpaka ashindwe. Anayejitutumua manyoya mchana kutwa, anayelala chini ya tundu, anayepandisha na kushusha mkia kila anapovuta pumzi, au ambaye kinyesi chake kimebadilika kwa zaidi ya siku moja, huyo ni wa daktari wa mifugo, si wa mafunzo. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, umpime kila asubuhi kabla hajala, na uandike. Asiyeshikika, weka kitulio kifupi, yaani kijiti cha kukalia, juu ya mizani na mbegu moja juu yake. Wengi hupanda wenyewe ndani ya siku chache. Kasuku kijivu mzima kwa kawaida ana gramu 400 hadi 500. Wale wadogo wenye uso mweusi na shingo ya manjano wana gramu 50 hivi, kwa hiyo gramu 5 kwao ni sehemu ya kumi ya mwili. Upungufu wa sehemu ya kumi, kwa ndege yeyote, unatosha kusimamisha mafunzo na kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku wake si wa mchezo. Tundu lililoachwa varandani Njiro au Sakina linampa ndege asubuhi ya kujikunja, na aliyejikunja kwa baridi hataki kunyoosha mguu kumpa mtu yeyote. Mwingize ndani, mbali na dirisha linalovuja upepo, na anza mazoezi jua likishapasha chumba. Moshi mjini kuna joto zaidi na shida hii ni ndogo.

Usingizi unataka muda wa saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Tundu likikaa sebuleni ambako televisheni inazimwa saa 5 usiku, na deki inapigwa saa 11 alfajiri, ndege anaamka na hasira na siku nzima anakuwa na uvumilivu mdogo. Wafugaji wengi wakimhamishia chumba tulivu saa 1 usiku huona mabadiliko ndani ya wiki moja bila kufundisha kitu kingine chochote.

Jikoni si mahali pake kabisa. Kikaangio kisichoshika chakula kikiunguzwa hutoa mvuke unaoweza kumuua kasuku kwa dakika chache, na jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma na ubani humchosha mapafu. Parachichi, ambalo hapa kwetu liko karibu kila ua, ni sumu kwake. Chokoleti na kahawa pia.

Vitu vya kuandaa

Kijiti cha mishkaki: kata ncha kali, isugue kwa msasa, ubaki na sentimita 20 hadi 25. Hiki ndicho kijiti cha kugusa, na kazi yake itaonekana mbele.

Tuzo: alizeti, ila iondoe yote kwenye bakuli lake la kila siku. Mbegu ambayo inapatikana bure bakulini haina thamani mkononi. Mpe nusu ya mbegu kwa kila jibu sahihi, ili asishibe baada ya mara 4. Karanga zichague kwa macho, moja moja. Iliyokunjamana, yenye doa au harufu ya uvundo itupe, kwa sababu sumukuvu huharibu ini la ndege kama linavyoharibiwa la binadamu. Usimshindishe njaa ili akutii. Kufundisha kabla ya chakula cha asubuhi kunatosha.

Alama ya sauti: mlio wa kalamu ya kubonyeza, au neno moja fupi kama "Sawa!". Sauti itoke papo hapo anapofanya unachotaka, na tuzo ifuate ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa, unakuwa umelipa tendo lililofuata, pengine la kurudi nyuma.

Kitulio: kijiti anachokalia kiwe na ukubwa ambao vidole vinazunguka kama theluthi mbili, yaani sentimita 1 hadi 1.5 kwa wadogo na 2.5 hadi 3.5 kwa kasuku kijivu. Mpera unafaa sana. Mti wa mkahawa nao ni mgumu na mikunjo yake inazipa nyayo mazoezi, lakini mikahawa ya Kilimanjaro hupigwa dawa ya shaba dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ukitumia mkahawa, chagua tawi kavu la zamani, ambua gome lote, lisugue kwa brashi na maji ya moto, ulianike juani siku kadhaa. Lenye madoa ya kibuluu liache. Bomba la plastiki na mti wa ufagio ni laini mno. Ndege anayeteleza kwenye kitulio chake mwenyewe hatauamini mkono wako.

Muda wa somo ni dakika 3 hadi 5, mara 2 au 3 kwa siku. Saa 1 asubuhi na saa 11 jioni ni nyakati nzuri. Acha akiwa bado anataka kuendelea.

"Nikikaribia tundu tu, anakimbilia kona"

Anzia kwa kupima umbali. Simama mlangoni mwa chumba, sogea hatua moja moja, na uone ni wapi manyoya yanabana. Pengine ni mita 2, pengine nusu mita. Namba hiyo ndiyo mwanzo wako, na utaiandika kila siku.

Sasa tafuta sababu. Akimwogopa kila mtu kwa umbali uleule, angalia kwanza tundu lilipo. Tundu lililowekwa chini, au katikati ya chumba, au lililo wazi pande zote, halimpi mahali pa kuegemea. Liinue mpaka kitulio cha juu kifike usawa wa kifua chako, upande mmoja uwe ukutani. Likiwa varandani, tazama juu: mwewe wa mjini wanazunguka mchana kutwa, na kivuli kimoja kikipita kinatosha kumweka ndege katika hofu kwa saa nzima. Funika paa la tundu kwa ubao au mkeka.

Akikuogopa wewe peke yako, jiulize mkono wako umemfanyia nini. Mara nyingi ulimshika kwa taulo kumkata kucha, au ulivaa glavu. Glavu za ngozi zinalinda vidole vyako siku moja na kuharibu miezi, kwa sababu zinakuondolea sababu ya kuheshimu anapokataa. Wakati mwingine ni kofia, kilemba kipya au miwani ya jua. Vua, rudi, pima tena umbali.

Sababu ya tatu ni nzito zaidi: ndege alikamatwa porini akiwa mkubwa. Kasuku wadogo wenye shingo ya manjano ni ndege wa hapa. Porini utawaona Tarangire. Anayeuzwa kando ya barabara kwenye boksi, mwenye manyoya ya mkia yaliyovunjika, anayejirusha kwenye nyaya mtu akipita, hakuzaliwa mikononi mwa mfugaji. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kasuku kijivu yumo tangu Januari 2017 katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na orodha hiyo ina masharti makali kuliko zote. Tunajua wapo wanaonunua kwa huruma, wamwokoe. Kila anayenunuliwa anamlipa mkamataji arudi kukamata mwingine. Dai karatasi za ndege kabla ya kutoa pesa, na zisipokuwepo ondoka.

Njia ya kurudisha imani ni moja kwa sababu zote. Keti kwenye kiti pembeni ya tundu, nje kidogo ya ule umbali wa hofu, ubavu ukiwa umemwelekea yeye, mikono mapajani, usimkazie macho. Soma gazeti au peta mchele, dakika 15, mara mbili kwa siku. Akianza kujinyoosha bawa, kuchambua manyoya au kusaga mdomo polepole, sogeza kiti sentimita 20. Kila unapopita karibu na tundu dondosha mbegu moja ya alizeti bakulini na uendelee na safari yako bila kusimama. Baada ya siku kadhaa atakuwa anakuja bakulini akisikia hatua zako. Huo ndio wakati wa kuanza kumpa mbegu kupitia nyaya.

"Anakula mkononi vizuri, lakini kupanda hataki"

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na sababu yake inaeleweka ukiitazama kwa jicho la ndege. Mkono unaotoa mbegu na mkono unaombeba kwake ni vitu viwili. Wa kwanza ameuzoea. Wa pili unamwondoa mahali salama na kumpeleka asikokujua, na mara nyingi safari hiyo huishia tunduni mlango ukafungwa. Wengi huongeza kosa kwa kumrubuni: wanashika mbegu mbali, ndege akinyoosha shingo wanamsukumia kidole tumboni. Akidanganywa hivyo mara mbili, hata mbegu ataanza kuikataa.

Tumia kijiti cha kugusa. Kinamfundisha kwamba yeye ndiye anayeamua kutembea.

Anza akiwa tunduni, mlango umefungwa. Ingiza kijiti kati ya nyaya, sentimita 10 kutoka mdomoni. Akikigeukia, bonyeza kalamu, toa nusu mbegu. Baada ya mara 5 subiri akiguse kwa mdomo kabla ya kubonyeza. Kasuku wengi hulielewa hili katika masomo mawili au matatu. Akikiogopa kijiti chenyewe, kifupishe mpaka ncha tu ionekane mkononi mwako, halafu kirefushe siku kwa siku. Akikinyakua na kukitafuna, kiondoe mapema, mara tu kinapoguswa.

Kisha kihamishe: sentimita 5 kulia, 10 kushoto, halafu ncha nyingine ya kitulio, ili alazimike kutembea kukifuata. Fungua mlango na umwongoze mpaka kitulio kilicho karibu na mlango. Akikifuata mara 4 kati ya 5, nenda hatua inayofuata. Akikosea mara mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma na umalizie somo hapo, kwenye jambo analoliweza.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa kazi. Weka mkono mwingine kwenye ncha ya mbali ya kitulio, sentimita 30 kutoka anapotembea, na usiusogeze kabisa. Mwongoze kwa kijiti huku na huku kama kawaida. Mkono uwe kama samani. Somo la pili, sentimita 25. Somo la tatu, 20. Utafika mahali mkono unagusa kitulio na yeye anakula kando yake bila kubana manyoya. Hapo uweke kati yake na kijiti, kama daraja: kijiti kiko ng'ambo, na ili akifikie lazima ainame juu ya mkono. Kuinama tu, lipa. Halafu lipa mguu mmoja. Halafu yote miwili.

Akisimama mkononi kwa mara ya kwanza, usimwinue. Mpe tuzo 3 papo hapo, mkono ukiwa umetulia palepale, kisha mwache ashuke atakapo. Siku zinazofuata mwinue sentimita 5 na umrudishe. Sekunde 1, kisha 3, kisha 10. Neno "Panda" lije mwisho kabisa, pale unapokuwa na uhakika kwamba mkono ukiwekwa atapanda. Ukilitamka mapema, litakuwa neno la kukatalia.

Neno liwe moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "njoo", watoto "panda panda", bibi akamsemesha Kichaga, ndege anasikia kelele tatu.

"Anaweka mguu mmoja, anaurudisha"

Tazama kwa karibu kinachotokea. Kasuku anainama, anafungua mdomo kidogo, anaushika ukingo wa kidole kwa ncha na kuusukuma taratibu. Huo si uchokozi. Mdomo ni mguu wake wa tatu, na anapima kama tawi hili litamhimili. Mfugaji anaona mdomo umefunguka, anashtuka, anavuta kidole nusu sentimita. Tawi limetikisika. Mguu unarudi, na kesho atapima kwa nguvu zaidi. Tiba iko upande wa binadamu: egemeza kiwiko mezani au kwenye mkono wa kiti ili mkono usicheze, na uache mdomo umalize kupima. Usipoweza kuvumilia mguso huo, tumia kigongo kifupi cha mpera cha sentimita 30 badala ya mkono, mfundishe apande hapo, kisha kila somo sogeza vidole vyako karibu zaidi na miguu yake mpaka siku moja mguu utue kidoleni.

Angalia pia umbo la mkono. Kwa ndege mdogo, kidole cha shahada kilale sambamba na kitulio. Kwa kasuku kijivu tumia ukingo wa kiganja au mkono wa mbele chini ya kiwiko, kidole gumba kikiwa kimefichwa. Mkono uje kwa urefu wa sehemu ya chini ya tumbo, juu kidogo ya nyayo, kwa sababu kupanda ni rahisi kuliko kushuka. Simama sentimita 2 au 3 kabla ya kumgusa. Kipande hicho cha mwisho amalize yeye. Kumsukuma kifuani mpaka apoteze mizani kunampandisha, kweli, na ndivyo wengi walivyofundishwa. Anapanda ili asianguke. Siku atakayopata mahali pa kukimbilia atakimbia.

Kama mkono umetulia na bado anarudi, chunguza mwili wake. Aliyekatwa mabawa, hasa bawa moja, huanguka kama jiwe upande mmoja na hugonga mfupa wa kifua; baada ya maanguko mawili anaogopa kila kisicho kitulio chake. Mfundishe juu ya godoro, urefu usiozidi sentimita 30, mpaka manyoya yaote upya, na usiyakate tena. Kucha ndefu zinazoinua vidole humnyima mshiko. Mafuta ya mkono nayo huteleza: nawa kwanza.

"Anapanda, halafu ananiuma"

Tofautisha nguvu. Kubana kidogo na kuachia ni onyo. Kubana na kuzungusha ni hofu au hasira. Kuuma ghafla huku akimtazama mtu mwingine aliyeingia chumbani, au mbwa, ni msisimko uliokosa pa kwenda; wewe ulikuwa karibu tu. Kabla ya kuuma, mara nyingi mboni za macho hunywea na kutanuka harakaharaka, mkia unatanuka kama feni, manyoya ya kisogo yanasimama. Ukiona mawili kati ya hayo, mshushe sasa.

Akishauma, usipige kelele, usimpulizie usoni, usimtikise, usimdondoshe. Kelele humsisimua, na mtikiso humthibitishia kwamba tawi hili ni bovu. Mshushe taratibu kwenye kiti au meza iliyo karibu, geuka, hesabu mpaka 10. Usimkimbize tunduni kama adhabu: kama alitaka kurudi, umemfundisha kwamba kuuma ndiyo nauli. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Lililoingia ndani lipeleke zahanati. Kisha andika kilichotokea sekunde 3 kabla. Baada ya mauma manne au matano daftari litaonyesha jambo lilelile: ulimweka muda mrefu mno, ulimgusa mgongo, mtoto alikimbia, au ulikuwa unaelekea tunduni.

Hilo la mgongo lina uzito. Kumpapasa mgongo, chini ya mabawa na karibu na mkia humwamsha kwa ajili ya kuzaliana, na kasuku wa namna hiyo hulinda na kuuma. Mguse kichwa na shingo tu. Ondoa boksi, chungu, kapu na kila kitundu cha giza anachoweza kukifanya kiota, ukiwemo uvungu wa kochi. Akiwa anapukutisha manyoya na vijiti vya manyoya mapya vimejaa kichwani, hata hapo pa kawaida panauma, subiri vifunguke.

"Nje anapanda vizuri, ndani ya tundu ananipigania"

Tundu ni kwake, na mkono unaoingia bila hodi ni mvamizi. Usimpandishe ndani. Fungua mlango, mwongoze kwa kijiti mpaka atoke juu ya mlango au kitulio cha nje, halafu sema "Panda". Bakuli na usafi vifanye akiwa nje. Na si kila safari ya kurudi iwe ya kufungiwa: mrudishe, mpe tuzo, mtoe tena, mara 3 kati ya 4.

"Kwa dada anapanda, kwangu hataki"

Katika nyumba nyingi dada wa kazi ndiye anayemlisha, kumsafishia na kumsemesha kutwa. Mwenye nyumba anarudi jioni, anataka ndege apande mbele ya wageni. Ndege anampa imani anayekuwepo, na ni haki. Usimwondoe dada katika hesabu, mfanye mwalimu. Alizeti zote zitoke kwako kwa wiki mbili, dada aendelee na chakula cha kawaida. Kisha simameni wawili: dada akiwa na ndege mkononi, wewe unatoa tuzo. Halafu mikono igusane ncha za vidole, kijiti cha kugusa kikiwa upande wako, avuke mwenyewe. Mumuulize dada pia anamshikaje wakati wa usafi. Kama anamfukuza kwa khanga ili atoke, hofu ya kitambaa imetokea hapo, naye hana kosa, hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

"Alikuwa anapanda, ameacha ghafla"

Rudi kwenye mizani kwanza. Kukataa kwa ghafla kwa ndege aliyezoea ni maumivu mpaka ithibitike vingine.

Akiwa mzima, pitia saa 48 zilizopita. Alikatwa kucha kwa nguvu? Alianguka? Umeme ulikatika usiku, akashtuka gizani na kujipigapiga kwenye nyaya? Mwachie taa ndogo ya kuchaji. Paka alikaa dirishani? Umepaka rangi ya kucha, umefunga bendeji, umevaa saa mpya? Onyesha mkono huo kwa mbali ukitoa mbegu, siku mbili au tatu zinatosha.

Kwa Moshi, chunguza Desemba. Ndugu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingine, nyumba inajaa, kila mtoto anataka kumshika kasuku, mjomba anamchokoza kwa funguo za gari. Januari mwenye ndege anashangaa kwa nini anakataa. Mwaka unaofuata mhamishie chumba cha ndani kabla wageni hawajafika, wageni watoe mbegu bakulini tu, na mazoezi yaendelee dakika 3 asubuhi kabla nyumba haijaamka. Aliyekwisha kuharibika, mrudishe kwenye hatua ya kijiti tunduni. Hatachukua muda uleule wa mwanzo; wengi hurejea kwa siku kadhaa.

"Hataki kushuka"

Mara nyingi kushuka kwake kuna maana moja tu, kwamba starehe imekwisha. Fundisha "Shuka" kama ulivyofundisha "Panda": lete mkono mbele ya kitulio, kitulio kiwe juu kidogo ya mkono, kijiti upande wa pili, lipa. Tuzo ya kushuka iwe kubwa kuliko ya kupanda, mbegu nzima badala ya nusu. Akipanda begani na kukimbilia nyuma ya shingo, inama polepole ukiwa umegusa kifua ukingo wa meza, mpaka mgongo uwe tambarare. Atatembea mwenyewe kwenda mbele. Usimfikie kwa mkono juu ya bega, kwa sababu humwoni macho, na sikio lako liko karibu na mdomo.